Saa Alizoongeza Mwalimu wa Ramani

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa ya ufagio. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na sita alasiri. Nina hakika na dakika hiyo kwa sababu nilikuwa nimeketi chumba cha uani nikiitazama saa yangu ya mkononi, na mshale mrefu ulikuwa umeivuka kwa alama moja tu ile dakika niliyoitaja mwenyewe asubuhi. Ufagio ulianzia sebuleni, ukaja ukumbini, ukapita mbele ya mlango wangu. Mama mdogo alikuwa akifagia nyumba. Hesabu yangu ndiyo iliyompa ruhusa, na papo hapo nikatambua kwamba sikuwa na hakika nayo.

Asubuhi ya siku hiyo binti yake, Zuhura, alikuwa amepanda ndege Dar es Salaam kwenda Moscow kusomea udaktari. Na kwetu Bagamoyo, katika nyumba za mji mkongwe, msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi mpaka awe amefika. Ukifagia naye yu njiani, unaifagia njia yake. Zamani jambo hilo halikuwa na utata: anayekwenda Unguja au Pangani mlimhesabia jua moja au mawili, mkashika ufagio. Lakini vijana walipoanza kupelekwa masomoni kwa ndege, Landani, Moscow, Peking, hakuna mama aliyejua tena angoje kwa muda gani. Ndipo akina mama walipoanza kwenda kwa Mwalimu wa Ramani.

Alikuwa mwalimu wa jiografia, wala sijapata kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Alikuja kutoka bara, akalelewa na misheni na kubaki mjini kwetu mpaka ikawa vigumu kukumbuka mji ulivyokuwa kabla yake. Alinifundisha miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na mambo mawili ya darasa lake sitayasahau.

La kwanza ni tufe lake la bati, lililobonyea upande wa kusini, kiasi kwamba lilipozungushwa liligonga kishikio chake kila mzunguko. Kila nchi ya Afrika ilipojitawala, aliikwangua jina la kikoloni kwa wembe, akaandika jipya kwa wino mweusi, nasi tukasimama. Kuna mwaka tulisimama na kuketi mara nyingi hata miguu ikatuuma.

La pili ni chuki yake juu ya neno moja. Mwanafunzi akisema, "Ni takriban maili mia tatu," rula ilishuka mezani.

"Takriban ni mahali gani? Njoo unionyeshe kwenye ramani."

Tulikwenda mbele mmoja baada ya mwingine, tukasimama mbele ya ramani ile kubwa na kunyamaza. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nadhani ndipo nilipojifunza kuogopa makadirio, hofu ambayo baadaye ilinifikisha Chuo Kikuu, Mlimani, kwenye shahada ya pili ya hisabati, na hatimaye kwenye kosa ninalolieleza hapa.

Chombo chake cha kazi kilikuwa uzi. Ulikuwa uzi mweupe wa kushonea kofia, wenye fundo kila maili elfu moja kwa kipimo cha tufe lake, na aliubeba mfukoni mwa shati, umezungushwa kwenye kijiti cha kiberiti. Serikali ilipotutaka tuache maili tushike kilomita, alitumia likizo nzima kufungua mafundo na kuyafunga upya. Tulipomkuta barazani kwake akiwa ameukaza uzi kati ya meno na kidole gumba, tulidhani anatengeneza mshipi wa kuvulia samaki.

Wazee wa kwenye kahawa hawakumwacha. Asubuhi aliketi nao, kikombe mkononi, kashata kwenye kipande cha gazeti, na daima alikuwapo mmoja wa kumchokoza.

"Mwalimu, kutoka hapa mpaka Fukayosi ni saa ngapi kwa ndege?"

"Ndege yupi?"

"Yeyote."

"Kunguru, kabla kahawa yako haijapoa. Wewe, kwa uvivu ulio nao, Ijumaa ya wiki ijayo."

Walicheka, naye alibaki na uso mkavu, akaumega ukingo wa kashata kana kwamba anakata kipande cha pwani.

Mtu huyu aliyejua urefu wa safari zote hakuwa msafiri. Gari lilimtapisha. Aliwahi kwenda Vigwaza kwenye mazishi ya mwalimu mwenzake, akateremka njiani mara tatu, na kurudi alirudi kwa baiskeli ya kuazima, siku ya tatu, miguu imevimba. Dar es Salaam yenyewe, kilomita sabini tu, aliikwepa kama mtu anavyomkwepa mdai. Ndege hakuwahi kuipanda, wala sidhani kama aliwahi kuisogelea ikiwa chini. Niliwahi kumuuliza, nikiwa bado mtoto, kama asingependa kuruka. Akaniambia kwamba mpima kitambaa si lazima akivae.

Akina mama walimjia alasiri, kwa kawaida wawili wawili, mabuibui yamebanwa kidevuni. Hawakupanda barazani. Walisimama chini, mmoja akisema na mwingine akitikisa kichwa.

"Mwalimu, mwanangu karuka leo kwenda Landani."

"Karuka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

Alitoa tufe, akaubana uzi kwenye Dar es Salaam kwa ukucha wa kidole gumba, akaunyoosha mpaka Landani. Midomo yake ilicheza. Kisha akatoa jibu, na hakulitoa kwa saa ya ukutani. Yeye Mkristo alikuwa amejifunza kuwapa wakati kwa swala zao, ili wasihitaji kutafuta mwenye saa.

"Usiguse ufagio mpaka umeswali alfajiri ya kesho."

"Hata uani?"

"Hata uani."

"Na chooni je, Mwalimu?"

"Choo fagia. Choo hakina safari."

Waliondoka wakicheka chinichini, na jambo likaishia hapo. Hili sikulizingatia wakati ule, na sasa nalizingatia kuliko mengine yote: likaishia hapo. Wakati ukifika walifagia, wakapika, wakamwambia jirani, "Fulani kafika." Hawakwenda posta kuulizia. Barua ilikuja baada ya mwezi, wakati mwingine miwili, nao waliipokea kama habari za mtu ambaye tangu zamani walijua amefika.

Siku ya safari ya Zuhura nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikiandika tasnifu. Baba yake alikuwa amempeleka Dar tangu siku iliyotangulia, na mama mdogo, ambaye moyo wake haukustahimili kuagana uwanjani, alibaki Bagamoyo. Ndege iliondoka saa moja asubuhi. Saa tatu tulikuwa mbele ya baraza la Mwalimu wa Ramani: mama mdogo, jirani yake wa ukuta mmoja, na mimi niliyekwenda kuwasindikiza tu.

Alikuwa amestaafu. Macho yalikwisha kufifia, na mafundo aliyahesabu kwa kuyapapasa. Alipima, akaufuata uzi kwa kidole mara mbili, kisha akainua uso kumwelekea mama mdogo. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoona haja.

"Usifagie leo. Fagia kesho, ukishaswali adhuhuri."

Ningeweza kunyamaza. Nimelirudia tukio hili mara nyingi kichwani nikitafuta pahali ambapo ningenyamaza, nami nimepaona pahali patatu. Lakini Moscow na Dar es Salaam ziko karibu kabisa kwenye longitudo moja. Mtu anayetoka kwetu kwenda huko anapanda kaskazini tupu, na saa za miji hiyo miwili zilikuwa sawa. Halikuwapo hata lile tatizo la tofauti ya saa ambalo lingeweza kumchanganya. Hesabu ilikuwa nyepesi mno, nalo jibu lake lilikuwa mbali mno na ukweli.

"Samahani, Mwalimu," nikasema. "Nadhani hapo pana kosa."

"Kosa la kiasi gani?"

"Saa ishirini."

Jirani alishika mdomo. Nikaendelea, kwa adabu, na adabu ile ndiyo inayoniaibisha zaidi. Nikaeleza kilomita elfu saba kasoro kidogo, mwendo wa ndege, saa nane na robo za kuruka, saa moja na nusu ya kusimama Kairo kama ratiba ilivyoandikwa. Nikataja saa kumi na dakika arobaini na tano alasiri ya siku ile ile.

"Makubwa!" jirani akasema. "Mwanafunzi kamzidi fundi!"

Mwalimu wa Ramani hakubishana. Aliuzungusha uzi kwenye kijiti chake, taratibu, mpaka mwisho.

"Basi," alisema, "kisikilizeni Chuo Kikuu."

Mama mdogo alitutazama kwa zamu. Njiani aliniuliza mara mbili, "Saa kumi na dakika ngapi, mwanangu?" na mara mbili nikamjibu. Hapo ndipo ulipotoka ufagio niliousikia alasiri.

Baba yake Zuhura alirudi siku iliyofuata, mchana. Alikuwa amepita ofisi ya shirika la ndege, wakamwambia kwamba ndege ilipata hitilafu Kairo, abiria wakalala huko, na kwamba walitarajiwa kuondoka asubuhi. Waliondoka kweli? Wao hawakujua zaidi.

Mama mdogo aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo nilipokuwa nafagia, mwanangu alikuwa wapi?"

Mumewe aliinama kuvua viatu. Mimi jibu nililijua mpaka latitudo yake: nyuzi thelathini kaskazini, chini, zaidi ya theluthi ya njia ikiwa bado mbele yake.

Siku tisa zikapita bila neno. Siamini kwamba ufagio unaweza kumdhuru mtu aliye Kairo; niliuandika mfuatano mzima wa hoja kwenye daftari, na hoja zilikuwa timamu. Pamoja na hayo sikuweza kupita sebuleni bila kutazama sakafu. Mama mdogo hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Aliacha kula chakula, akawa anaishi kwa chai ya rangi, na ilipokaribia taarifa ya habari alisogeza kigoda chake karibu na redio mpaka goti likagusa kisanduku. Taarifa ikiisha bila kutaja ndege, alisema, "Alhamdulillahi," na baada ya muda mfupi, kwa sauti nyingine, "Lakini wangetaja?"

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Barua ya chuo iliyompokea Zuhura ilikuwa na namba ya simu ya bweni, nami nilikuwa nimeinakili. Tangu baba yake aliporudi na habari za Kairo namba ile ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Kupiga simu ilinipasa kwenda Dar es Salaam, kwenye ofisi ya simu za nje, na kila asubuhi nilipata sababu ya kutokwenda. Sababu ya kweli ilikuwa moja. Maadamu sijapiga, Zuhura alikuwa amefika na hajafika kwa pamoja. Nikishapiga, angekuwa kimojawapo, na huenda nikasikia kosa langu limezaa nini.

Siku ya tisa mama mdogo alizimia akiwa amesimama mlangoni, akajigonga paji la uso. Hakuumia sana. Nilimwosha damu, nikamlaza, nikaenda kwa Mwalimu wa Ramani.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia. Chuo Kikuu leo kimekuja bila hesabu?"

Alikuwa amekasirika, bado, na hakuficha. Aliniacha nimesimama mpaka alipomaliza kukata kucha za mkono wa pili. Kisha akaniamuru nilishike tufe, akaupitisha uzi kutoka Dar es Salaam mpaka Moscow, vidole vikipapasa.

"Mafundo saba kasoro kidogo. Umbali wako ulikuwa sahihi," alisema. "Muda wako nao ulikuwa sahihi. Ndege ndiyo iliyokosea."

"Na wewe ulijua itakosea?"

"Ningejuaje?" Akaniondolea tufe mikononi. "Zamani nilikuwa nikiwapa saa kamili, kama wewe. Akaja mama mmoja, mwanawe anakwenda Landani. Nikampa mpaka dakika. Ndege ikachelewa, sijui ukungu, sijui nini. Mwana alifika salama, akasoma, akarudi, leo ni mkubwa Dar. Lakini mama yake, kati ya dakika yangu na barua yake, alimeng'enyeka. Alikuja hapa kila siku kuniuliza mwanawe yuko wapi. Kila siku! Nikajua kwamba yule mama hakuja kutaka kujua ndege inafika lini. Alitaka kujua yeye aache lini kuogopa."

"Ukaanza kuongeza."

"Nikaanza kuongeza."

"Kwa kanuni gani, Mwalimu?"

Hapo alicheka, mara ya kwanza. "Kanuni! Namtazama mama usoni. Wengine nawapa saa tano. Mama yako mdogo nilipomtazama, nikampa mpaka kesho yake."

Niliona haya, nikaona na hasira kidogo. Mtu aliyetushushia rula kwa ajili ya neno takriban alikuwa akiwauzia mama zetu saa za kubuni. Nikamwambia hivyo, karibu kwa maneno hayo hayo. Nikamuuliza kwa nini basi hakunirudi pale pale.

"Mbele yao? Ningesema nini? Kwamba siku zote huwa nawaongezea?" Alitikisa kichwa. "Wangeanza kutoa."

 Nje mtu alikuwa akipiga misumari, akapiga vibaya, akatukana. Nikaitoa ile karatasi ya namba mkobani, nikamwekea mkononi, ingawa nilijua hawezi kuisoma.

"Nini hii?"

"Simu ya bweni lake."

"Unayo tangu lini?"

"Siku nane."

Hakunikemea. Aliikunja karatasi kufuata mikunjo yake ya zamani, akanirudishia.

"Mwalimu," nikasema, "unadhani yuko salama?"

"Mimi najua umbali, binti yangu. Mtu yu hai au si hai, uzi hauonyeshi." Alipapasa ukuta kutafuta fimbo yake. "Kesho tunakwenda Dar."

"Tunakwenda?"

"Opereta atakuuliza jambo, utamjibu kwa desimali. Heri niwepo."

Tulikwenda kwa gari la mtu wa misheni aliyekuwa akipeleka mihogo sokoni. Saa tatu kwa kilomita sabini. Mvua ilikuwa imeitafuna barabara. Mwalimu wa Ramani alitapika Mapinga, akatapika Bunju, na kati ya hapo na hapo alikaa amefumba macho, mkono mmoja umeshika dirisha, akinitajia kila kijito tunachokivuka kabla hatujakifikia. Sikuthubutu kumshukuru. Nilihofu nikifungua mdomo nitamwomba dereva ageuze gari.

Kwenye ofisi ya simu za nje karani aliandika namba, akatuambia tungoje. Tulingoja saa mbili na dakika kumi. Kwenye bahasha nilikuwa nimepanga maswali yangu: kwanza afya, pili tarehe ya kufika, tatu kwa nini kimya, nne anwani kamili. Karani alipoita "Moscow, kibanda cha pili," nilisimama nikaketi tena. Mwalimu wa Ramani, uso wake bado wa kijivu kwa safari, alinisukuma mgongoni kwa kishikio cha fimbo.

Ndani ya kibanda kulikuwa na mvumo kama wa ganda la kombe ukiliweka sikioni. Mwanamke alisema jambo kwa lugha nisiyoijua. Nikataja jina: Zuhura, Zuhura wa Tanzania. Akalirudia kwa kulivunja, akapaza sauti mbali na simu, kisha sikusikia kitu. Nikahesabu. Nilipofika sabini na nne nikasikia viatu vinakimbia juu ya mbao.

"Halo? Halo! Nani?"

"Ni mimi. Dada yako."

"Dada! Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Wewe mzima?"

"Mzima, baridi tu. Tulilala Kairo, wakatupa wali usio na chumvi, kesho yake asubuhi tukaja. Dada, mbona unalia? Mama mzima?"

Bahasha ilikuwa mkononi; sikuona maandishi yake hata moja. "Mbona hukuleta telegramu?" nikasema. "Mama yako hali. Siku kumi, Zuhura. Hata neno moja?"

"Barua nimeandika, iko njiani." Alikuwa akishangaa kweli, nilimsikia. "Telegramu ya nini tena? Kwani Mwalimu wa Ramani hakumwambia mama kwamba nimefika?"

Kupitia kioo nilimwona kwenye benchi, amesimamisha fimbo kati ya magoti, uso ameuelekeza kwenye mlango wa kibanda asioweza kuuona vizuri.

"Alimwambia," nikasema. "Mimi ndiye niliyemkatiza."